Kabla ya Kufungua Bwawa la Kuogelea la Jengo Lenu

Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021, Rais wa wakati huo aliondoa kafyu iliyokuwepo nchini tangu tarehe 27 Machi 2020. Baada ya siku hiyo, wakazi wa majengo ya fleti yenye bwawa la pamoja, kuanzia Nyali na Bamburi hadi Kizingo na Tudor, walikuwa na swali moja: bwawa letu litafunguliwa lini?

Pande mbili zilivutana. Mmoja alisema amelipa ada ya huduma kila mwezi kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu huku lango la bwawa likiwa na kufuli, na watoto wamechoka kukaa ndani. Mwingine alisema janga halijaisha, na ana mama mzee nyumbani ambaye hataki aletewe ugonjwa. Wote wawili walikuwa na haki ya kusikilizwa. Tatizo ni kwamba mara nyingi walibishana juu ya jambo moja tu, yaani corona, na kusahau mambo mengine mawili ambayo kufungwa kwa muda mrefu kulikuwa kumeyaacha nyuma: maji yasiyotunzwa, na watoto wasiojua kuogelea.

Somo hili linaeleza mambo yote matatu kwa mpangilio ambao kamati ya wakazi, mwenye nyumba, ajenti na keateka wanaweza kuufuata. Lisomeni pamoja kabla ya mtu yeyote kufungua kufuli.

Somo la kwanza: Virusi viko kwa watu, si majini

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeeleza wazi kwamba virusi vya corona havienezwi na maji mtu anapoogelea. Vinaenea kutoka kwa mtu hadi mtu wanapokaribiana, kupitia matone na hewa inayotoka puani na mdomoni.

Aprili 2021, watafiti wa chuo cha Imperial jijini London walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya kwa maji ya bwawa yenye virusi hivi. Maji yalipokuwa na miligramu 1.5 za klorini kwa kila lita, na kipimo cha pH kati ya 7 na 7.2, nguvu ya virusi kuambukiza ilipungua zaidi ya mara 1,000 ndani ya sekunde 30.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, bwawa lililotiwa dawa ipasavyo si chanzo cha corona. Pili, maneno “lililotiwa dawa ipasavyo” ndiyo yenye uzito. Bwawa lisilopimwa halipati faida hiyo.

Hatari ya corona basi iko nje ya maji: kwenye viti vilivyosongamana, katika chumba kidogo cha kubadilishia nguo kisicho na dirisha, kwenye foleni ya bafu la kuoshea miguu, na katika maongezi ya karibu ya majirani ambao hawajaonana kwa muda. Hata ndani ya maji, watu wawili wanaoongea uso kwa uso ukingoni wanaweza kuambukizana, kwa sababu klorini husafisha maji tu. Haisafishi hewa iliyo juu yake.

Kwa hiyo kamati ikitaka kuzuia corona, ipange watu. Kuongeza klorini kupita kiasi hakutasaidia, na kutaumiza macho, ngozi na mapafu ya waogeleaji.

Somo la pili: Maji yaliyolala

Pampu ikizimwa na dawa ikikatizwa, jua letu la Pwani humaliza klorini iliyo ndani ya maji kwa muda mfupi. Baada ya hapo huota mwani, maji hugeuka kijani, majani huoza chini, na mbu hutaga mayai. Yai la mbu katika joto la hapa linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku saba hadi kumi.

Mombasa inaijua homa ya dengi. Tulipata mlipuko mwaka 2013 na mwingine mwaka 2017. Mbu anayeeneza dengi huuma mchana na hupenda kutaga katika maji kidogo yaliyotuama, kwa hiyo msitazame bwawa lenyewe tu. Tazameni turubai la kufunikia lililobonyea na kukusanya maji ya mvua, ndoo za dawa zilizoachwa wazi, mifereji ya kuzunguka bwawa na chombo cha kukusanyia takataka kilicho ukingoni. Hata jengo ambalo limeamua kutofungua bwawa bado lina wajibu wa kuondoa mazalio ya mbu. Bwawa lililofungwa halijifungi lenyewe kwa mbu.

Kuna pia maji yaliyolala ndani ya mabomba. Mabafu ya kando ya bwawa ambayo hayajatumika kwa miezi mingi yanaweza kufuga bakteria aina ya lejionela, ambayo hupenda maji ya uvuguvugu yasiyotembea, na huingia mapafuni mtu anapovuta mvuke au manyunyu. Dalili zake, yaani homa, kikohozi na kupumua kwa shida, zinafanana sana na za Covid-19. Kabla ya kufungua, vueni vichwa vya mabafu, visugueni na kuvitia dawa, kisha acheni maji ya kila bomba yatiririke kwa dakika kadhaa. Anayefanya kazi hiyo avae barakoa na asisimame kwenye manyunyu.

Je, ni lazima kumwaga maji yote na kuanza upya? Mara nyingi si lazima. Bwawa la urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.4 lina mita za ujazo 70, sawa na lita 70,000. Hayo ni malori saba ya maji ya lita 10,000 kila moja, katika mji ambao mitaa mingi husubiri maji ya mfereji kwa zamu. Isitoshe, karibu na bahari au kijito maji ya ardhini huwa juu, na bwawa likiachwa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini na kupasuka. Kama maji ni ya kijani hafifu na chini panaonekana, kwa kawaida yanaweza kutibiwa. Kama ni meusi, yana harufu ya uozo au yana mnyama aliyekufa, mwiteni fundi wa mabwawa na afisa wa afya ya umma kabla ya kufanya lolote.

Mkilazimika kuyamwaga, msiyaelekeze kwenye uwanja wa jirani wala kwenye mtaro unaoingia moja kwa moja baharini yakiwa bado na dawa. Acheni klorini iishe kwanza, mpime, ndipo myatoe polepole.

Somo la tatu: Kupima na kutibu

Kazi ya kuyarejesha maji ina mpangilio wake, na mpangilio huo una sababu.

Kwanza, ondoeni majani na takataka, sugueni kuta na sakafu kwa brashi, safisheni kichujio, kisha washeni pampu. Dawa ikitiwa kwenye maji yenye takataka huishia kupambana na takataka.

Pili, pimeni pH kabla ya klorini. Kipimo cha pH huonyesha kama maji yameelemea upande wa asidi au upande wa magadi. Kwa bwawa, shabaha ni kati ya 7.2 na 7.6. Jambo hili hupuuzwa sana. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iliyo majini huwa katika hali yenye nguvu ya kuua vijidudu. pH ikipanda hadi 8, kinachobaki na nguvu ni karibu robo tu. Yaani mnaweza kununua dawa ileile, kwa bei ileile, mkapata nusu ya kazi.

Tatu, tieni klorini. Hesabu yake ni nyepesi: kuongeza miligramu 1 ya klorini kwa kila lita, unahitaji gramu 1 ya klorini halisi kwa kila mita ya ujazo. Tuchukue bwawa letu la mita za ujazo 70. Kuliongeza kwa miligramu 3 kwa lita kunahitaji gramu 210 za klorini halisi. Lakini klorini ya chengachenga inayouzwa madukani si halisi tupu. Kama mkebe umeandikwa asilimia 65, gawanya 210 kwa 0.65, utapata gramu 323 hivi. Kwa tiba kali ya maji yaliyolala muda mrefu, ya miligramu 10 kwa lita, hesabu hiyo hiyo inatoa kilo 1.1 hivi.

Tieni dawa jua likizama, mkiwa mmeacha pampu ikizunguka usiku kucha. Mkitia saa sita mchana, jua litakula sehemu kubwa kabla haijafanya kazi. Asubuhi pimeni tena. Maji ya mwani huenda yakahitaji tiba hii zaidi ya mara moja, pamoja na kusafisha kichujio kila mara.

Nne, subirini. Mtu asiingie majini mpaka klorini ishuke na kutulia kati ya miligramu 1.5 na 3 kwa lita, na pH iwe ndani ya shabaha, kwa vipimo vinavyofuatana.

Tano, tazameni kitundu cha kutolea maji kilicho chini kabisa upande wa kina kirefu. Mtu aliyesimama ukingoni akikiona waziwazi, pamoja na mfuniko wake, maji yamekuwa mangavu vya kutosha. Asipokiona, bwawa halifunguliwi hata kama vipimo vya dawa ni sawa, kwa sababu maji yanayoficha kitundu huficha pia mtoto aliyezama. Na kama mfuniko umevunjika au haupo, bwawa halifunguliwi mpaka uwekwe mwingine, kwani mvuto wa pampu unaweza kunasa nywele au mkono wa muogeleaji.

Baada ya kufungua, vipimo vifanywe angalau mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, na kuandikwa katika daftari linaloning’inia mahali ambapo kila mkazi anaweza kulisoma. Kifaa cha kupimia cha matone au vijikaratasi hupatikana katika maduka ya dawa za mabwawa. Jengo lisilo na kifaa hicho halina njia ya kujua hali ya maji yake. Rangi ya buluu si kipimo.

Wala harufu si kipimo. Wengi hudhani bwawa linalonuka klorini sana ni safi sana. Ukweli ni kinyume chake. Harufu ile kali inayochoma macho hutokea klorini inapokutana na jasho, mkojo na mafuta ya mwilini. Ndiyo maana kila mtu anatakiwa kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia, na watoto kupelekwa chooni kila mara.

Ikumbukwe pia kwamba klorini haiui kila kitu kwa haraka. Kuna vimelea vya kuharisha vinavyoweza kuishi siku kadhaa katika maji yenye klorini. Mtoto au mtu mzima anayeharisha asiingie bwawani, na akipona asubiri wiki mbili.

Somo la nne: Anayeshika dawa

Katika majengo mengi kazi hii yote humwangukia keateka, ambaye huenda hakuwahi kufundishwa. Dawa za bwawa zimejeruhi watu wazima wenye uzoefu. Kamati isimtume mtu kuzishika bila kumpa glavu, miwani ya kukinga macho, viatu vya kufunika miguu, na maelekezo haya:

Usichanganye kamwe klorini na asidi, wala aina moja ya klorini na nyingine. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na unaweza kulipuka.

Tia dawa kwenye maji. Usimwage maji juu ya dawa.

Kila dawa iwe na kikombe chake cha kupimia, kikavu.

Hifadhi klorini na asidi mbalimbali, mahali pakavu penye hewa na kufuli, mbali na petroli na mbali na watoto. Usiihamishie dawa kwenye chupa ya soda au ya maji.

Dawa iliyolala tangu mwaka jana, iliyoloa au ambayo mkebe wake umefura, isiguswe. Ulizeni afisa wa afya ya umma jinsi ya kuitupa.

Somo la tano: Hesabu ya zamu inayomaliza ugomvi

Sasa tupange watu. Tuchukue bwawa lilelile la mita 10 kwa 5. Eneo lake la juu ni mita 50 za mraba. Tukimpa kila muogeleaji mita 2 kwa 2, ili umbali wa mita moja na nusu udumu hata watu wakisogea, tunapata nafasi ya watu 12 kwa wakati mmoja.

Tuseme jengo lina nyumba 24, kila moja ina watu wanne wanaoogelea. Jumla ni watu 96. Ukigawanya kwa 12, unahitaji zamu 8, kila zamu nyumba 3. Bwawa likiwa wazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kuna saa 11. Kila saa ikiwa zamu moja, dakika 45 za kuogelea na dakika 15 za kuondoka na kupangusa viti na vyuma vya ngazi, mnapata zamu 11.

Yaani kila nyumba katika jengo hilo inaweza kuogelea kila siku, na zamu tatu zikabaki. Moja inaweza kuwa ya mchana ya kupima maji na kupumzisha bwawa. Nyingine iwe ya wazee na wenye maradhi kama kisukari, shinikizo la damu au pumu, waogelee bila msongamano. Ya tatu iwe ya wanawake peke yao, jambo ambalo familia nyingi za hapa kwetu huliomba na ambalo mara nyingi ndilo huamua kama mama na binti zake wataogelea au la. Siku ya Ijumaa, ratiba ipishe Sala ya Ijumaa.

Jengo lenu huenda ni kubwa au dogo kuliko hili. Chukueni utepe mpime, mfanye hesabu yenu. Karatasi moja ya zamu iliyobandikwa ukutani husuluhisha mambo ambayo mikutano mitano haijayasuluhisha.

Kanuni za kuambatana na zamu ni chache. Wageni kutoka nje ya jengo wasubiri kwa sasa. Kila mtu aje akiwa amevaa nguo za kuogelea tayari, ili chumba cha kubadilishia kisijae. Barakoa ivaliwe njiani na kwenye viti, ivuliwe mtu anapoingia majini na kuhifadhiwa mahali pakavu. Barakoa iliyoloa huzuia pumzi, kwa hiyo mtu asiogelee nayo. Taulo, miwani ya kuogelea na maboya visiazimanwe. Pawe na maji na sabuni ya kunawa langoni. Mwenye homa, kikohozi, mafua au aliyepoteza ladha na harufu abaki nyumbani, na wenziwe wa nyumba moja pia, mpaka apimwe. Na watu wazima ambao hawajachanjwa tunawahimiza waende wakachanjwe katika kituo cha afya kilicho karibu. Mwaka 2021 chanjo ilikuwa bure.

Somo la sita: Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu

Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu bwawa lilipofungwa Machi 2020, alikuwa anakaribia miaka mitano kafyu ilipoondolewa. Alikuwa amerefuka. Alikimbia, alifungua milango, alijiamini. Lakini miezi yote ambayo angejifunza kuogelea, bwawa lilikuwa na kufuli. Kaka yake wa miaka tisa aliyekuwa ameanza kujua, huenda alikuwa amesahau, na hakujua kwamba amesahau. Wote wawili wangekimbilia bwawa siku ya kwanza.

Mwaka 2021 WHO ilikadiria kwamba watu 236,000 hufa maji kila mwaka duniani, na watoto wadogo ni miongoni mwa walio hatarini zaidi. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kuzuia vifo vya kufa maji, tarehe 25 Julai. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele wala kupunga mikono kama tunavyoona kwenye filamu. Hushuka kimya, kwa dakika chache tu, hata watu wakiwa karibu.

Kwa hiyo kamati ihakikishe mambo haya. Bwawa liwe na uzio na lango linalojifunga lenyewe, lenye komeo lisilofikiwa na mtoto mdogo. Kina cha maji kiandikwe ukingoni kwa namba zinazosomeka, kwa sababu rangi ya zamani huenda imefutika. Pawe na boya la kuokolea na fito ndefu, mahali pa wazi, pasipo kufuli.

Kila zamu yenye watoto iwe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa mwangalizi. Huyo hashiki simu, hasomi gazeti, hapigi soga. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, mzazi awe majini naye, umbali wa kunyoosha mkono. Askari wa lango si mwokoaji. Keateka si mwokoaji. Na yaya, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, hawezi kuwa mwokoaji kama yeye mwenyewe hajui kuogelea. Wazazi, msimpe jukumu hilo.

Mtu akitolewa majini hapumui, mmoja apige simu ya dharura huku mwingine akianza huduma papo hapo: inueni kidevu, mpeni pumzi za kuokoa, kisha kandamizeni kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kukoma mpaka msaada ufike. Kwa aliyezama, pumzi ni muhimu sana, na woga wa corona usiwafanye mkasimama kutazama, hasa akiwa ni wa nyumba yenu. Shirika la Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Majirani wawili au watatu wakifunzwa, jengo zima limepata kinga.

Somo la saba: Ni wajibu wa nani?

Bwawa la pamoja halina mwenyewe mmoja, na hapo ndipo kazi hukwama. Ajenti humtazama mwenye nyumba, mwenye nyumba huitazama kamati, na kamati humtazama keateka.

Pale ambapo fleti zimeuzwa mojamoja, Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 imeweka usimamizi wa maeneo ya pamoja chini ya shirika la wamiliki wa jengo. Pale ambapo fleti ni za kukodisha, mwenye nyumba au ajenti wake ndiye wa kwanza kuulizwa. Na kwa vyovyote vile, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu maji yaliyotuama yanayozalisha mbu kuwa kero ambayo mwenye eneo anaweza kuamriwa kuiondoa.

Mkutano wa kufungua bwawa uandike majina matatu: anayepima maji na kuandika daftari, anayesimamia ratiba ya zamu, na mwenye mamlaka ya kulifunga bwawa papo hapo bila kusubiri mkutano mwingine. Jina la tatu ndilo muhimu zaidi. Vipimo vikienda kombo, umeme ukipotea na pampu kusimama, au mkazi akithibitishwa kuwa na Covid-19 baada ya kuogelea, lazima awepo mtu mmoja anayeweza kusema: leo tumefunga.

Kama hamna fedha za dawa, hamna kifaa cha kupimia, au hamna mtu wa kusimamia, jibu sahihi kwa sasa ni kutofungua, huku mkiendelea kuzuia mbu. Hilo si kushindwa. Ni heri watoto walalamike mwezi mwingine mmoja.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa wakazi

1. Bwawa letu lina lita ngapi, na dawa tuliyo nayo ina asilimia ngapi ya klorini?
2. Kitundu cha chini kinaonekana kutoka ukingoni? Mfuniko wake ni mzima?
3. Kwa vipimo vya bwawa letu, ni watu wangapi wanaweza kuingia kwa wakati mmoja?
4. Ni watoto gani katika jengo letu hawajui kuogelea, na wazazi wao wanajua kwamba hawajui?
5. Nani ana mamlaka ya kufunga?

Kamati ikiweza kujibu yote matano bila kubahatisha, bwawa liko karibu kuwa tayari. Swali moja likikosa jibu, anzieni hapo.

Kwa ushauri au ukaguzi wa maji, fikeni kwa afisa wa afya ya umma wa wadi au kaunti ndogo yenu. Kwa masuala ya Covid-19, piga 719. Kwa dharura, piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa nambari 1199. Andikeni nambari hizi kwa herufi kubwa na kuzibandika kwenye uzio wa bwawa kabla ya zamu ya kwanza.